Binadamu Yupi? Hoja juu ya Kukauka kwa Ruaha Mkuu

Yako maneno yaliyopata cheo kikubwa katika Kiswahili cha ofisi, cha majukwaa na cha tasnifu, nayo ni "shughuli za kibinadamu". Mto ukipungua, yasemwa kwamba ni kwa sababu ya shughuli za kibinadamu. Msitu ukiisha, ni hizo hizo. Joto la dunia likizidi, ni hizo tena. Msomaji wa taarifa hizi hufika mwisho wa ukurasa akidhani kwamba ameelezwa jambo, kumbe hakuelezwa lolote. Binadamu ni wengi. Yuko achungaye, yuko alimaye, yuko afunguaye lango la bwawa, na yuko awashaye taa usiku katika mji ambao mto wenyewe hakupata kuuona. Neno liwatajalo wote kwa pamoja halimtaji hata mmoja, na nafasi iachwayo tupu namna hiyo haikosi kujazwa jina na wenye uwezo wa kuijaza. Katika bonde la Ruaha Mkuu jina lililojazwa kwa muda mrefu ni la mchungaji wa ng'ombe.

Lugha imesaidia katika kosa hili. Kitenzi "kauka" hakidai mtenda. Nguo hukauka kwa jua, kidonda hukauka chenyewe, na mto nao husemwa kuwa umekauka, kana kwamba ulifanya hivyo kwa hiari yake. Kiswahili hakikunyimwa kauli ya kutendwa. Mtu akisema kwamba mto umekaushwa, papo hapo msikilizaji huuliza: na nani? Swali hilo ndilo linaloepukwa. Fasihi na sarufi si mambo ya mbali na maji hapa, kwa maana watu wamehamishwa katika makazi yao, na mifugo yao imetawanyika njiani, kwa nguvu ya sentensi isiyokuwa na mtenda.

Mambo yenyewe ni haya. Ruaha Mkuu huanza katika milima ya Uporoto na Kipengere, kusini-magharibi mwa Tanzania. Vijito vya milimani, na mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, huteremka katika uwanda wa Usangu, eneo ambalo pamoja na milima yake lina ukubwa wa kama kilomita za mraba 21,000. Milimani mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na mahali pengine hukaribia 1,500. Uwandani aghalabu haifiki 700, na jua la huko lina nguvu ya kuvukiza zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Maji yakishafika chini hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni mfano wa bakuli, na mdomo wa bakuli hilo ni kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto hutoka na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huenda bwawa la Mtera, kisha Kidatu, kisha Rufiji, hata baharini mkabala wa Mafia. Yakishuka chini ya kizingiti, hata kwa kimo cha shubiri, hakuna kinachotoka. Ihefu inaweza kuwa na maji tele, ndege wakaogelea na samaki wakavuliwa, na bado mto upande wa pili ukawa mchanga mtupu.

Tangu mwaka 1993 jambo hili limekuwa likitokea wakati wa kiangazi. Mto ambao kabla ya hapo ulipita hifadhini mwaka mzima ulianza kukatika kwa majuma, na baadaye katika miaka mingine kwa siku zaidi ya 100. Viboko husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia, na maji hayo hugeuka tope la kinyesi chao. Mwezi Machi 2001, Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi mjini London kwamba serikali itasaidia mpango wa kuufanya Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima kufikia mwaka 2010. Mwaka 2010 ulifika, ukapita, na mto ukakatika.

Katikati ya ahadi na mwisho wake lilitendeka jambo ambalo historia ya bonde hili haitalisahau. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa Usangu, Wasukuma, Wabarabaig na Wamaasai miongoni mwao, waliondolewa pamoja na makundi yao ya ng'ombe. Wengi walielekezwa Lindi na Pwani, safari ya mamia ya kilomita. Malalamiko yalikuwa mengi hata serikali yenyewe ikaunda tume ya kuyachunguza mwaka 2007. Mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ulisogezwa, ukaifunika Ihefu yote na ardhi ya vijiji kadhaa, na hifadhi ikawa na ukubwa uzidio kilomita za mraba 20,000. Sababu iliyotangazwa mbele ya yote ilikuwa kuuokoa mto na umeme wa taifa.

Sasa na ifanywe hesabu ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya. Tuseme kwamba Usangu ilikuwa na ng'ombe 300,000, na kila mmoja hunywa lita 30 kwa siku, kiasi ambacho si haba kwa ng'ombe wa nchi kavu. Jumla yake ni lita milioni 9, yaani mita za ujazo 9,000 kwa siku. Zigawanywe kwa sekunde za siku moja: hupatikana kama lita 104 kwa sekunde, ambazo ni mfereji mdogo. Kwa upande wa pili, ipimwe hekta moja ya mpunga iliyojaa maji chini ya jua la Usangu, nayo ipoteze milimita 5 tu kwa siku kwa mvuke. Hizo ni mita za ujazo 50. Hekta 1,000 hupoteza mita za ujazo 50,000 kwa siku, zaidi ya mara tano ya kinywaji cha ng'ombe wote wale. Na mashamba ya umwagiliaji ya Usangu yalikuwa kama hekta 10,000 mnamo mwaka 1970, yakapita hekta 40,000 katika miaka njema ya mwanzoni mwa karne hii. Ng'ombe hula majani pia, hukanyaga kingo za kinamasi, na wachungaji huchoma nyika; hakuna mtu mwaminifu atakayekana haya. Lakini makosa hayo ni ya namna nyingine. Mtu aliyemkanyagia jirani bustani hahukumiwi kwa wizi wa kisima.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba ukweli huu haukujulikana wakati ule. Mradi wa utafiti wa Usangu uliojulikana kwa jina la SMUWC ulifanya kazi kuanzia 1998 hadi 2001, na matokeo yake yalikuwa dhahiri: kukatika kwa mto wakati wa kiangazi kulitokana hasa na maji yanayochepushwa na mifereji katika miezi hiyo hiyo ya kiangazi, si ng'ombe, wala si ukataji wa miti milimani. Watafiti waliofuata, miongoni mwao Japhet Kashaigili na Henry Mahoo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walionyesha kwamba kati ya 1958 na 2004 maji yaingiayo katika kinamasi kuanzia Julai hadi Novemba yalipungua kwa kama asilimia 70, na eneo la kinamasi wakati wa kiangazi likapungua kwa kama asilimia 40. Ushahidi ulikuwa mezani miaka mitano kabla ya malori ya kuwahamisha watu. Haukusomwa, au ulisomwa ukaonekana kuwa hauna faida kwa wasomaji wake.

Na baada ya ng'ombe kuondoka? Mto uliendelea kukatika. Hii ndiyo hoja ambayo watetezi wa uhamisho ule hawajaijibu. Mshtakiwa alifungwa, na wizi ukaendelea usiku ule ule.

Yafaa kukaa kidogo juu ya banio, kwa sababu katika chombo hiki kidogo imo siri ya shauri zima. Zamani mkulima wa Usangu alitengeneza banio lake kwa magogo, mawe, majani na udongo. Lilikuwa chombo dhaifu. Lilivuja, na maji yaliyovuja yaliendelea na safari mtoni kwa wale wa chini. Mafuriko yalipokuja lililibomoa, na wakulima wakakutana tena kulijenga, na katika kukutana huko wakazungumza habari za zamu. Ndipo wakaja wataalamu, kwa nia njema na fedha za wafadhili, wakasema kwamba banio la kienyeji linapoteza maji, wakajenga la zege lenye lango la chuma. Banio jipya halivuji. Laweza kuukamata mto wote mwezi wa Oktoba na kuuingiza mferejini usibaki hata wa kulowesha kokoto. Hili ndilo lililoitwa "ufanisi". Neno hilo nalo lapaswa kuulizwa: ufanisi wa nani? Maji yaliyohesabiwa kuwa yamepotea kwa mkulima wa juu hayakuwa yamepotea. Yalikuwa maji ya mkulima wa chini, ya samaki wa Ihefu na ya kiboko wa Ruaha. Bruce Lankford na wenzake, waliochunguza umwagiliaji wa Usangu kwa miaka mingi, waliyaeleza haya kinaganaga, na bado miradi ya kujenga mabanio ya zege imeendelea kusifiwa kama dawa ya kuhifadhi maji.

Kiangazini maji hayo ya mferejini hufanya kazi gani? Machache hunyweshwa bustani na vitalu vya miche ya mpunga vinavyowahishwa ili mavuno yafike sokoni bei ikiwa juu. Machache huchotwa kwa matumizi ya nyumbani na kufyatulia matofali. Mengi huzagaa katika majaruba yaliyokwisha kuvunwa, yakaota magugu, yakapanda juu kuwa mvuke. Mkulima hana nia mbaya. Mfereji huo ndio bomba pekee la kijiji chake, na akiufunga mkewe atakwenda na ndoo kilomita nyingi. Kijiji kikichimbiwa kisima, sababu kubwa ya kuuacha mfereji wazi mwezi wa Septemba huondoka. Visima, hata hivyo, havina sherehe ya ufunguzi kubwa kama ya banio.

Juu ya banio ikawekwa karatasi. Sheria ya maji ya mwaka 1974, na kanuni za ada zilizoifuata, zilimpa mwombaji haki ya kuchukua lita kadhaa kwa sekunde. Idadi hiyo ikawa ile ile mwezi wa Machi mto ukiwa umefurika, na mwezi wa Oktoba mto ukiwa uzi. Aliyelipa ada aliona, wala hakukosea kwa mantiki, kwamba amenunua maji hayo na ana haki ya kuyatwaa hata kama ndiyo ya mwisho. Desturi ya zamu, ambayo iligawa kilichopo, ilisukumwa pembeni na kibali kilichogawa kisichokuwapo. Sheria mpya ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatambua haki ya mazingira kupata maji, na hilo ni jema. Ila mto haunywi sheria.

Imesalia habari ya umeme, ambayo ndiyo iliyowapa wakubwa ghadhabu. Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975, megawati 204 kwa ukamilifu wake. Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 ili kuihifadhia Kidatu maji, na baadaye likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Kwa miaka mingi mitambo hiyo ilibeba sehemu kubwa ya umeme wa Tanzania. Mgao wa umeme ulipoukumba mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1990, vidole vilinyooshwa Usangu. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na uzi wa maji wa Oktoba. Na wale waliochambua hesabu za mabwawa hayo, wakatoa matokeo yao mwaka 2003, walikuta kwamba upungufu wa miaka ile haukuelezeka kwa maji yaliyoingia peke yake, bali pia kwa maji yaliyoachwa yatoke bila kiasi. Tena Mtera ni bwawa pana na la kina kifupi, lenye eneo la kama kilomita za mraba 600 likijaa, nalo limelazwa katika mojawapo ya sehemu kavu za nchi. Mvuke wake wa kila siku haukupata kuhubiriwa na mtu. Mpunga wa mkulima ukivukiza, huo ni uharibifu. Bwawa la taifa likivukiza, hiyo ni hali ya hewa. Ndivyo neno "binadamu" linavyochagua watu wake.

Mpaka hapa imesemwa habari ya maji peke yake. Kaboni nayo ina mzunguko wake, na mizunguko hii miwili haitenganiki. Chini ya kila jani mna vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa mlango huo mmoja jani huingiza hewa ya ukaa ili kujenga mwili wake, na kwa mlango huo huo hutoa mvuke. Mmea hauwezi kuiweka kaboni bila kuyalipa maji. Ardhini nako ni vivyo hivyo: katika kinamasi maji ndiyo kifuniko cha mboji, huzuia hewa isiifikie, na majani yaliyooza kwa karne nyingi hubaki yamelala. Kifuniko kikiondolewa, vijidudu huanza kazi, na kaboni iliyolala huamka ikapaa kuwa hewa ya ukaa. Kwa hiyo zile asilimia 40 za kinamasi kilichopungua si hasara ya samaki na ndege tu. Na katika mabonde ya juu ya Iringa na Njombe, ambako vinyungu huchimbwa katika ardhi oevu ili kupata mboga na mahindi mabichi ya kiangazi, jambo hilo hilo hutendeka kwa vipande vidogo vidogo visivyopata kuingia katika ramani ya mtu. Jaruba la mpunga nalo lina deni la namna yake: likikaa na maji majuma mengi bila kukaushwa, udongo usiopata hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kuhifadhi joto ni kali kuliko hewa ya ukaa.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote ni kupanda miti. Wimbo huu umeimbwa sana shuleni, na kwa kuwa mti ni kitu chema hapana anayethubutu kuukatiza. Yafaa ukatizwe. Kuanzia mwaka 1958, kwa muda wa kama miaka 10, taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki ilipima mabonde mawili madogo karibu na Mbeya, moja la msitu wa asili na moja lililolimwa na wakulima wadogo. Wengi wangetazamia kwamba bonde la msitu lingetoa maji mengi. Lililolimwa ndilo lililotoa mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo wake ulikuwa wa majivu ya volkano, wenye kuinywa mvua upesi, na mazao hayakuwa na mizizi ya kuyarudisha maji angani kama miti ya msitu. Matokeo haya si ruhusa ya kufyeka misitu. Udongo mwingine wa nchi hii haufanani na ule, na ukibaki uchi hugonga kama sakafu, mvua ikapita juu yake na kuuchukua. Yanachofundisha ni kwamba ndoa ya mti na maji hutegemea ni mti gani, juu ya udongo gani, na mahali penye mvua kiasi gani.

Mwaka 2005 Robert Jackson na wenzake walichapisha katika jarida la Science hesabu iliyokusanywa kutoka sehemu nyingi za dunia: mahali palipopandwa misitu ya biashara, vijito vilipungua kwa wastani wa asilimia 52, na asilimia 13 ya vijito hivyo vilikauka kabisa kwa angalau mwaka mmoja. Sasa mtu na atazame Mufindi, ambako maji mengine huteremkia Kilombero na mengine huingia Ruaha Mdogo, na kwa huo kufika Mtera. Nyasi za milimani zimegeuzwa kuwa misindano na mikaratusi, kwanza na serikali kwa ajili ya mbao na karatasi, kisha na wenyeji kwa ajili ya soko, kisha na wageni waliopanda ili wauze hesabu ya kaboni huko ng'ambo. Kila tani iliyouzwa ilikuwa na bei yake ya maji, na bei hiyo haikuandikwa katika mkataba. Mnunuzi wa Ulaya husafisha dhamiri yake kwa mti wa Mufindi, na mchotaji wa maji wa bondeni ndiye alipaye. Afrika ya Kusini, kwa sheria yake ya maji ya mwaka 1998, iliandika kwamba upandaji wa miti ya biashara ni shughuli yenye kupunguza maji ya mto, kwa hiyo yahitaji kibali na malipo kama mfereji. Hakuna sababu ya kisayansi ya kuuona mkaratusi wa Mufindi kuwa na kiu ndogo kuliko wa Natal.

Mkaa nao una hadithi kama ya ng'ombe. Mchoma mkaa wa miombo hukamatwa barabarani na magunia yake, huandikwa magazetini, na tanuri lake la udongo huitwa adui wa mazingira. Ni kweli kwamba tanuri hilo hupoteza sehemu kubwa ya kuni kwa moshi, na ni kweli kwamba miombo iliyokatwa ovyo huacha udongo wazi mbele ya mvua ya kwanza. Lakini mkaa hauliwi porini. Hupikia wali wa Dar es Salaam, na wali huo wenyewe huenda ulitoka Mbarali. Mlaji amekula maji ya Ruaha na kaboni ya miombo katika sahani moja, kisha akawasha taa iliyotoka Kidatu, akafungua gazeti akasoma kwa masikitiko kwamba shughuli za kibinadamu zimeukausha mto. Yeye hajidhanii kuwa binadamu katika maana hiyo.

Wapinzani wa hoja hii wana neno moja lenye uzito. Watasema: mkiwataja wote, hapatakuwa na wa kulaumiwa, na mambo yatabaki kama yalivyo. Na wengine wataongeza kwamba watu wamezidi na mvua imebadilika. Watu wamezidi, hilo ni wazi. Lakini watu huchukua maji kwa vyombo na kwa vibali, na chombo na kibali vyaweza kurekebishwa bila kumpunguza mtu hata mmoja. Ama mvua, uchunguzi wa Usangu wa miaka ile haukuona upungufu wa kutosha kueleza kukatika kwa mto kulikoanza ghafula mwaka 1993. Na ikiwa mabadiliko ya tabianchi yataifanya mvua isiaminike zaidi katika miaka ijayo, hiyo ni sababu ya kuongeza uangalifu wa hesabu, si ya kuifuta. Kuhusu lawama, kuwataja wote si kuwasawazisha. Madai hapa ni kwamba kila mmoja atajwe kwa kipimo chake: huyu lita 104 kwa sekunde, huyu mita za ujazo kadhaa, huyu mvuke wa kilomita 600 za mraba. Hakimu asiyejua kiasi hawezi kutoa hukumu iliyo ya haki, hata akiwa na huruma nyingi.

Kipimo kimekwisha kupatikana, kwa habari ya mto wenyewe. Watafiti wale wa Sokoine na wenzao walikadiria kwamba ili hifadhi ipate hata maji machache, kama mita za ujazo 0.6 kwa sekunde kutoka Ng'iriama, yapasa mita za ujazo kama 7 kwa sekunde ziingie Ihefu wakati wa kiangazi, kwa sababu kinamasi chenyewe hunywa kwanza. Maana yake ni kwamba katika miezi hiyo asilimia 80 ya maji ya mito yaachwe yapite, na watu watwae 20. Hilo ni jambo gumu, na si la kulipamba. Huwataka wenye mashamba makubwa na wadogo wafunge malango kwa zamu, huwataka viongozi wachimbe visima kabla ya kuwafungia watu mifereji, na huwataka wataalamu wakubali kwamba banio la zege lahitaji tundu la chini lisilozibika. Wakati wa masika kilimo shadidi cha mpunga, ambacho huliacha jaruba likauke kidogo kisha likanyweshwa tena, huokoa maji na hupunguza methani kwa tendo lile lile. Mahali kama Mkindo, mkoani Morogoro, wakulima wamekwisha kukijaribu. Palizi yake ni nyingi, na mkulima asiyekuwa na kipalizi hatakipenda kwa kuhubiriwa.

Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, aliunda kikosi cha kitaifa cha kuuokoa Ruaha Mkuu. Mwaka 2023 mpaka uliosogezwa 2008 ulirekebishwa tena, baadhi ya ardhi ikarudishiwa vijiji. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, huko chini Rufiji, ulianza kutoa umeme, na kwa hiyo idadi ya watu wenye kuudai mto huu imeongezeka kwa hesabu ya taifa zima. Taarifa mpya zitaandikwa juu ya bonde, na nyingi zitaandikwa na wanafunzi wa vyuo hivi. Yule atakayeleta sura yenye sentensi kwamba mto umekauka kutokana na shughuli za kibinadamu, arudishiwe karatasi yake pasipo alama, aambiwe aende akaandike: banio lipi, lita ngapi kwa sekunde, mwezi gani, na kwa kibali cha nani.